Kaseti za bibi si za kufukuzia ndege (Sehemu ya 3)

Mama zangu wa Lupiro, na nyie mnaosoma mkiwa Ifakara na Mahenge, maswali ya vyandarua nimeyaona, nitayajibu. Leo nina ugomvi na nyie.

Mpunga ukianza kuiva, naona utepe wa kaseti umefungwa kutoka mti hadi mti, unang'aa na kuvuma ili ndege wakimbie. Kilichorekodiwa humo hakuna aliyeuliza. Kaseti nyingine wanapewa watoto wachezee, nyingine zinaenda shimo la taka pamoja na redio ya babu. Halafu tunasema tumefanya usafi!

Wenzetu kaseti za namna hiyo wanazisaka kwa udi na uvumba. Miaka ya 1976 na 1977, muziki wa panki ulipoanza Uingereza, mtangazaji John Peel wa BBC alizipa nafasi bendi ambazo wengi hawakutaka kuzisikia. Vijana wakawa wanarekodi redioni, nyumbani kwao. BBC yenyewe enzi hizo ilifuta kanda nyingi ili izitumie tena, kwa hiyo vipindi vingine vimebaki kwa sababu tu kuna mtu alibonyeza kitufe chumbani kwake. Kelele za magitaa, jamani, na mtu anazitunza kama hati ya kiwanja.

Kwetu miaka hiyo tulikuwa na RTD. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro yetu na za Marijani Rajabu wakusanyaji wamezitafuta, za Marijani zimetoka hadi CD Ujerumani. Safi. Ila hao nao nina neno nao: wanataka dansi tu. Mwaka 1973 RTD ilirusha Mtu ni Afya. Wiki 12, watu wanakaa kikundi kuizunguka redio, kitabu mkononi: malaria, safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu. Kipindi kikiisha wanajadiliana, wanaamua choo kichimbwe wapi na nyasi zifyekwe lini. Walishiriki watu kama milioni 2. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Nani anazitafuta hizo?

Mtaniambia, nesi, 1973 nani kijijini alikuwa na redio kaseti? Wachache mno, nakubali. Lakini zilipoenea, watu walirekodi kila kitu: vipindi vya afya, salamu, hadithi za Debora Mwenda kwenye Mama na Mwana. Kanda za studio zilizobaki Dar ni jukumu la TBC, warithi wa RTD, na tuwabane wazitunze. Iliyo kwenye kabati la bibi, TBC wataijuaje?

Mimi si mtu wa historia. Kazi yangu ni mama aelewe kwa nini mtoto anyonye maziwa yake tu miezi 6. Mtu ni Afya haikuishia kuhutubia, iliwakalisha watu na jirani wa kubishana naye. Sasa hivi elimu yenu ni voisi za WhatsApp zisizo na mwenyewe, eti chanjo inaziba kizazi. Uongo mtupu, na unasambaa kuliko mimi na pikipiki yangu. Nataka kusikia waliotutangulia walivyosema na watu wakasikiliza.

Kwa hiyo fungueni makabati. Kaseti yenye ukungu msiipige kwanza, na msiianike juani, ikae kivulini penye hewa. Utepe ukilegea, urudisheni kwa kalamu taratibu. Vile vijino viwili vya juu mvivunje, hapo hakuna atakayerekodi juu yake. Kisha simu karibu na spika, mrekodi upande mzima, na mwanzoni mseme kaseti ni ya nani na ilirekodiwa karibu mwaka gani. Bibi akiwepo aongee yeye, anakumbuka kuliko nyie. Asiye na redio kaseti aje na kaseti yake kliniki siku ya kupima watoto uzito, kuna mzee ameahidi kuniazima yake, ila betri tuchange.