Kunywa choko Kericho si kuisaliti chai

Wasee wa Kericho na Bomet, hebu tuongee. Tunaishi huku juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Julai baridi haina huruma. Lakini ukishikwa na kikombe cha chokoleti moto, utasikia tu: "Wewe, mtoto wa shamba la chai, unakunywa nini hiyo?" Ni kama umeuza shamba la babu.

Mimi nasema kikombe chako hakiui chai. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hata hainywewi hapa. Inachumwa, inasagwa kiwandani, inapitia mnada wa Mombasa, halafu inaenda nje ikiwa ndani ya magunia. Wanunuzi wa Pakistan, Misri na Uingereza ndio wanaichanganya, wanaipakia na kuipa jina lao. Kila mkutano tunaambiwa tuongeze thamani. Sawa, si tuanzie jikoni?

Shida yangu ni choko yenyewe tunayonunua. Geuza kopo usome. Viungo huandikwa kuanzia kile kizito zaidi, na mara nyingi cha kwanza ni sukari. Yaani unalipia sukari kwa bei ya kakao. Nunua unga wa kakao usio na sukari, utamu utajiwekea mwenyewe.

Sasa ile yangu, vikombe viwili. Chemsha nusu kikombe cha maji na tangawizi iliyopondwa na punje mbili za iliki. Tangawizi ianze na maji, kwa sababu ikiwa mbichi inaweza kukatisha maziwa. Ikichemka vizuri, ongeza vikombe viwili vya maziwa na kijiko kidogo cha majani chai. Acha dakika tatu, kisha uchuje.

Kwa bakuli, koroga vijiko viwili vikubwa vya kakao, kimoja cha sukari na chumvi kiduchu sana, na maziwa moto kidogo mpaka iwe kama uji mzito. Usimwage kakao kavu kwa sufuria. Ina mafuta, itaelea na kufanya madonge. Rudisha kila kitu kwa moto mdogo dakika mbili ukikoroga. Ukiwa na mdalasini, nyunyiza juu.

Majani yanafanya nini humo? Ule ukali wa chai unakata uzito wa maziwa na kuinua uchungu wa kakao. Bila majani ni tamu tu. Yakiwemo, ina msimamo.

Na hata hiyo kakao si mgeni wa mbali. Inalimwa Kyela, Tanzania, na Bundibugyo, Uganda. Mkulima wa huko yuko kama wa hapa: anauza mbegu, chokoleti inatengenezwa kwingine, halafu inarudi dukani ikiwa ghali. Kwa hivyo hawa wawili kukutana kwa sufuria moja si usaliti, ni ujirani.

Huenda kuna mtu wa miaka 19 Litein au Sotik anaweza kugeuza hii iwe biashara. Hatajua kama kila akijaribu kitu kipya anaambiwa amepotea.

Wikendi hii pika. Mzee akiuliza ni nini, usibishane naye. Mpe kikombe, anywe hadi nusu, ndipo umwambie majani ya shamba lake yako ndani.