Kabla ya Kuweka Vigae Bafuni



Mimi ni bwana shamba, si fundi mwashi. Lakini vigae vya bafuni kwangu vilianguka kabla ya mwaka kwisha. Kimoja kilimkata mwanangu mguu. Vigae vilikuwa vizima. Ubaya ulikuwa ukutani, kwenye lipu ya zamani. Lipu ile ilichanganywa na mchanga wa ufukweni.

Hapa Msimbati mchanga wa ufukweni uko karibu, tena hauna bei. Lakini una chumvi. Tazama chumvi ya jikoni wakati wa mvua. Hulowa yenyewe, wala hakuna aliyeimwagia maji. Ukutani ni vivyo hivyo. Chumvi huvuta unyevu. Ukuta ukikauka, chumvi hutokeza kama unga mweupe na kuisukuma lipu. Basi kigae hubanduka pamoja na lipu yake.

Kwa hiyo, kagua ukuta kwanza. Chukua nyundo ndogo, gonga kila mahali. Pakilia kama debe tupu, lipu imeachana na ukuta. Ibomoe. Kwaruza lipu kwa msumari. Ikimomonyoka kama unga, ibomoe pia. Ukiona unga wa chumvi, usiuoshe kwa maji. Maji huirudisha chumvi ndani. Usugue kwa brashi kavu. Ukirudi tena na tena, bomoa lipu yote mpaka kwenye tofali au jiwe. Inauma, najua. Mimi nilibomoa kuta tatu.

Chokaa iliyopakwa juu ya lipu nayo ikwanguliwe yote. Saruji haishiki juu ya chokaa. Rangi ya mafuta itoboe-toboe kwa tindo hadi ukuta uwe na makwaruzo.

Ukuta wa miti na udongo usiubebeshe vigae. Udongo hucheza, vigae havichezi.

Sasa lipu mpya. Tumia mchanga wa mtoni au wa shimoni, uliochekechwa. Makarai manne ya mchanga kwa karai moja la saruji yanatosha. Kama kisima chako kina maji ya chumvi, kinga maji ya mvua. Lowesha ukuta kabla ya kupiga lipu. Fundi apime kwa timazi, maana ukuta uliopinda hula saruji nyingi. Asiilainishe sana; kigae hupenda mahali penye makwaruzo. Mwagilia lipu kila siku kwa siku 7, kisha iache ikauke wiki chache. Fundi mwenye haraka atakuambia siku mbili. Mkatalie.

Na ule mchanga wa ufukweni uacheni pale pale. Msimbati imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Tena mchanga huo ndio unaozuia mawimbi yasifike kwenye minazi yetu.

Siku ya kuweka vigae, rushia ukuta maji kidogo. Yakiteleza kwa matone, bado kuna rangi au mafuta. Kwangua tena.