Msimlaumu Fundi
Fundi alimwaga zege la ghorofa ya kwanza pale Mbinga bila kuacha tundu la ngazi. Mwenye nyumba akamtukana. Mimi nikanyamaza.

Ngazi ile niliichora mimi, kwenye ArchiCAD, nikaiacha ionekane kwenye ramani ya chini tu. Ramani ya juu ilikuwa nyeupe pale. Kuionyesha ngazi kwenye ghorofa zote inazozigusa ni kubadili chaguo moja!

Halafu sisi wachoraji tunasema mafundi hawajui kusoma ramani. Uongo. Iwe kwenye miteremko ya Umatengo au Mbamba Bay ukingoni mwa Ziwa Nyasa, fundi hazungushi jengo kwenye kompyuta. Ameshika karatasi moja yenye vumbi.

Alivunja zege siku tatu, kwa tindo na nyundo. Hakulipwa.