Dawa za lehemu: Wanaolalamikia maumivu wasikilizwe, wasiziache kimyakimya

WAKENYA wanaoandikiwa dawa za kupunguza lehemu, au kolesteroli kama wengi waijuavyo, wanazidi kuongezeka kadiri shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo yanavyoenea mijini na mashambani.

Hata hivyo, kuna jambo lisilozungumzwa vya kutosha. Baadhi ya wagonjwa huanza kumeza dawa hizo, wakahisi maumivu ya misuli au uchovu, kisha wakaziacha bila kumwarifu daktari. Wanaporejea kliniki na kuulizwa iwapo wanameza dawa, hujibu kuwa wanameza.

Kimya hicho ni hatari. Lehemu iliyozidi haiumi wala haiwashi. Hujikusanya katika kuta za mishipa ya damu kwa miaka mingi, na aghalabu ishara yake ya kwanza huwa ni mshtuko wa moyo au kiharusi. Mgonjwa anayeacha dawa hahisi hasara yoyote siku hiyo. Anachohisi ni nafuu ya mapaja yaliyokuwa yakimuuma. Ndiyo maana uamuzi wa kuacha humpendeza, na ndiyo maana humponza.

Swali la kujiuliza ni hili: Je, malalamiko ya wagonjwa hawa yana msingi? Na kama yana msingi, wafanyeje?

Dawa zinazotumika zaidi kupunguza lehemu ni za jamii ya statini, zikiwemo simvastatini, atorvastatini na rosuvastatini. Asili yake ni kazi ya mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, aliyefariki mwaka wa 2024. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichunguza maelfu ya aina za kuvu hadi akapata kemikali inayolizuia ini kutengeneza lehemu. Statini ya kwanza kuidhinishwa, lovastatini, iliruhusiwa nchini Marekani mwaka wa 1987.

Manufaa ya dawa hizi si ya kubahatisha. Mnamo 1994, watafiti wa nchi za Skandinavia walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 4,444 wa moyo. Waliomeza simvastatini walipunguza hatari ya kufa kwa asilimia 30 wakilinganishwa na waliopewa tembe zisizo na dawa. Shirika la Afya Duniani nalo liliingiza statini katika orodha yake ya dawa muhimu mnamo 2007.

Lakini wahenga walisema hakuna masika yasiyo na mbu. Mnamo Agosti 2001, kampuni ya Bayer ya Ujerumani ililazimika kuiondoa sokoni statini iitwayo cerivastatini baada ya vifo vya wagonjwa ambao misuli yao ilivunjikavunjika na mabaki yake kuziba figo. Wengi walioathirika ama walikuwa wakimeza kiwango kikubwa au waliichanganya na dawa nyingine ya mafuta iitwayo gemfibrozili.

Mwaka wa 2011, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya kuwaanzishia wagonjwa miligramu 80 za simvastatini kwa sababu iyo hiyo ya misuli. Mwaka uliofuata, mamlaka hiyo iliagiza watengenezaji wataje kwamba statini zaweza kupandisha kidogo sukari ya damu.

Kwa hivyo, asiwepo wa kumwambia mgonjwa kuwa madhara ya dawa hizi ni hadithi za vijiweni. Yapo. Suala ni ukubwa wake.

Mnamo 2022, jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 19 yaliyowahusisha watu takriban 124,000. Nusu yao walipewa statini, na nusu tembe bandia, bila wao wala madaktari kujua nani kapewa nini. Waliolalamikia misuli miongoni mwa waliomeza statini walikuwa asilimia 27.1. Miongoni mwa waliomeza tembe bandia walikuwa asilimia 26.6.

Watafiti walihitimisha kuwa zaidi ya visa tisa katika kila kumi vya maumivu ya misuli havikusababishwa na statini. Tofauti ndogo iliyokuwepo ilijitokeza hasa katika mwaka wa kwanza wa matibabu, ambapo watu takriban 11 katika kila 1,000 waliumwa kwa sababu ya dawa yenyewe.

Utafiti mwingine uliofanywa na Chuo cha Imperial, London, na kuchapishwa mnamo 2020 unaeleza zaidi. Ulihusisha watu 60 ambao walikuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja alipewa chupa 12 za kutumia kwa mwaka mzima: nne zenye statini, nne zenye tembe bandia na nne tupu.

Walipoulizwa wakadirie mateso yao kwa alama kati ya sufuri na mia moja, wastani ulikuwa alama 8 katika miezi ya chupa tupu, 15.4 katika miezi ya tembe bandia na 16.3 katika miezi ya statini. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mateso ililetwa na kitendo cha kumeza tembe, na hofu inayoandamana nacho.

Hapa ndipo watu wengi hukosea wanapofasiri matokeo haya. Hayasemi kwamba mgonjwa anadanganya. Maumivu aliyohisi mtu aliyemeza tembe bandia yalikuwa maumivu ya kweli, yaliyomnyima usingizi na kumzuia kupanda ngazi. Kilichokosewa ni chanzo chake. Ukweli kwamba nusu ya washiriki hao walirejelea statini baada ya kuonyeshwa matokeo yao wenyewe ni ushahidi kuwa mgonjwa akielezwa kwa heshima, huelewa.

Daktari anayempuuza mgonjwa kwa kumwambia kuwa maumivu yako kichwani mwake anamfukuza. Mgonjwa huyo hatabishana. Ataondoka, atatupa tembe, na ataanza kusikiliza ushauri wa jirani.

Sisi wanahabari pia tuna wajibu. Watafiti wa Denmark, waliofuatilia zaidi ya watu 670,000 walioanza statini kati ya 1995 na 2010, waligundua kuwa habari hasi kuhusu dawa hizo ziliambatana na ongezeko la watu kuziacha mapema. Walioziacha walikuwa katika hatari zaidi ya kupatwa na mshtuko wa moyo na kufa kwa maradhi ya moyo. Kalamu inayotisha bila kufafanua yaweza kuua.

Kuna hatari nyingine ambayo katika mazingira yetu inastahili uzito zaidi: kuchanganya dawa. Amlodipini ni miongoni mwa dawa za shinikizo la damu zinazotumika sana nchini. Mgonjwa anayeimeza pamoja na simvastatini hapaswi kuvuka miligramu 20 za simvastatini kwa siku.

Vivyo hivyo, simvastatini haifai kabisa kuchanganywa na dawa za kupambana na virusi vya Ukimwi zenye ritonaviri, wala na viuavijasumu kama klarithromaisini na erithromaisini. Dawa hizo huzuia mwili kuivunja simvastatini, ikajaa katika damu na kushambulia misuli. Tunda la balungi likiliwa au kunywewa kwa wingi huleta athari kama hiyo.

Hili halina maana kuwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi wasitumie statini. Utafiti uliochapishwa mnamo 2023, uliohusisha watu 7,769 katika nchi kadhaa zikiwemo Uganda na Zimbabwe, ulionyesha kuwa pitavastatini ilipunguza mishtuko ya moyo na viharusi miongoni mwao kwa asilimia 35. Jambo la msingi ni kuchagua statini inayoafikiana na dawa nyingine.

Aidha, kuna wanaokimbilia virutubishi na mitishamba wakiamini havina madhara. Mchele mwekundu uliochachushwa kwa hamira, unaouzwa kama tiba asilia ya lehemu, una kemikali ileile ya lovastatini, ila kipimo chake hakijulikani. Anayeacha statini akanunua mchele huo amebadilisha chupa tu.

Basi mgonjwa anayeumwa afanye nini?

Mosi, azijue dalili za hatari. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, misuli ikilegea kiasi cha kushindwa kuinuka kitini, au macho yakawa ya manjano, asimeze tembe nyingine na afike hospitalini siku hiyo hiyo. Visa hivi ni nadra mno, lakini havisubiri miadi ya mwezi ujao.

Pili, kama maumivu ni ya kawaida, aandike yalianza lini na yako wapi. Maumivu yanayotokana na statini aghalabu hushika pande zote mbili za mwili, hasa mapaja, makalio na mabega, na huanza katika wiki au miezi ya kwanza. Goti moja linalouma tangu mwaka juzi halina uhusiano na tembe zilizoanza kumezwa wiki jana.

Tatu, abebe dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na kumwonyesha daktari au mfamasia. Nne, aombe kupimwa. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli inaharibika. Hali kadhalika, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu hupandisha lehemu na pia huumiza misuli. Anayegunduliwa kuwa na tatizo hilo huenda akapata nafuu ya yote mawili kwa kutibiwa tezi.

Tano, akubaliane na daktari kusitisha dawa kwa wiki mbili hadi nne na kuona kama maumivu yatatulia. Yasipotulia, tembe hazikuwa chanzo. Yakitulia, hurejeshwa kwa kiwango cha chini au hubadilishwa kwa statini nyingine. Rosuvastatini na atorvastatini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo baadhi ya wagonjwa huzimudu kwa kumeza siku moja na kuacha siku moja. Wagonjwa waliopatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi hivi karibuni, au waliowekewa vipanuzi vya mishipa, wasijaribu kusitisha bila idhini.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Zipo dawa zisizo za jamii ya statini. Ezetimibi huzuia utumbo kufyonza lehemu. Asidi ya bempedoiki ilijaribiwa kwa karibu watu 14,000 wasioweza kustahimili statini, na matokeo ya 2023 yakaonyesha ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 13. Kuna pia sindano zinazodungwa kila wiki mbili au kila miezi sita, ingawa bei yake ni mzigo kwa Mkenya wa kawaida.

Kuhusu sukari, wanaoathirika zaidi ni wale ambao tayari walikuwa ukingoni mwa kisukari. Wapimwe mara kwa mara, lakini wasiache dawa, kwani moyo wao ndio ulio hatarini zaidi. Wajawazito na wanaopanga kushika mimba nao wamweleze daktari mapema, kwa kuwa wengi wao hushauriwa kusitisha.

Haya yote ni mepesi kuandika gazetini. Ugumu uko kliniki, ambako foleni ni ndefu na tabibu ana dakika chache kwa kila mgonjwa. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila Mkenya haki ya afya ya kiwango cha juu, na Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya taarifa anazohitaji ili afaidike na bidhaa kikamilifu. Mgonjwa anayekabidhiwa tembe katika bahasha bila kuambiwa lolote kuhusu madhara yake amenyimwa haki zote mbili.

Serikali ina nyenzo za kurekebisha hali hii bila gharama kubwa. Mnamo Septemba 2023 ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000, wanaozuru nyumba kwa nyumba wakiwa na vifaa vya kupima shinikizo na sukari. Hakuna kinachowazuia kuongeza swali moja: je, dawa unazomeza zinakusumbua?

Bodi ya Dawa na Sumu nayo ina mfumo unaoruhusu wahudumu wa afya na wananchi kuripoti madhara ya dawa. Wagonjwa wengi hawajui kuwa wana nafasi hiyo. Tangazo la mfumo huo lingefaa kubandikwa katika kila duka la dawa, kwa Kiswahili, mahali ambapo mnunuzi hawezi kukosa kuliona.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF mnamo Oktoba 2024, inasimamia pia hazina ya dharura, magonjwa sugu na mahututi. Mafanikio yake yasihesabiwe kwa idadi ya waliosajiliwa pekee. Yahesabiwe pia kwa idadi ya wagonjwa ambao, mwaka mmoja baada ya kuanzishiwa dawa, bado wanazimeza, na kwa idadi ya wale walioziacha ambao kuna aliyewauliza sababu.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtu hufichua maradhi pale tu anapojua atasikilizwa. Mgonjwa na atamke kwamba anaumwa, na daktari aache kalamu amsikilize. Mazungumzo hayo ya dakika tano ni nafuu mno kuliko kitanda cha mgonjwa wa kiharusi, na kuliko familia inayomwuguza maisha yake yote.