WASIMSINGIZIE DEREVA

Ndugu wanachama,

Ajali ikitokea kazini, neno la kwanza kutoka ofisi za juu ni lile lile: "Kosa la mfanya kazi." Tunalijua vizuri sisi watu wa Nuu, ambako reli haifiki, tulioshuka mpaka Makindu na Mtito Andei kutafuta kazi ya reli. Leo tunataka kuwaonyesha, kwa habari ya ndege, kwa nini neno hilo husemwa upesi namna hiyo.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, aina ya Boeing 737 MAX 8, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka karibu na Bishoftu. Watu 157 walikufa wote, na zaidi ya 30 kati yao walikuwa Wakenya. Kabla ya hapo, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo, ya Lion Air, ilianguka baharini huko Indonesia na kuua watu 189. Mara wakubwa wakaanza kusema marubani hawakujua kazi. Mwezi wa Mei 2019 mbunge mmoja wa Marekani alisema kwamba marubani waliofundishwa kwao wangaliweza kuiokoa ndege.

Haya, tuitazame ndege yenyewe. Boeing 737 ni ndege nyembamba, yenye njia moja katikati na viti vitatu kila upande. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1967. Ilipewa miguu mifupi ili mizigo ipakiwe kwa mikono hata penye kiwanja kisicho na vyombo. Hiyo ilikuwa akili njema. Lakini mwaka 2010 Airbus walitangaza A320neo, yenye injini zinazokula mafuta machache. Boeing wakaogopa kupoteza wateja. Mwaka 2011 waliamua wasiunde ndege mpya, bali waitie ile ya zamani injini mpya. Injini hizo ni nene, na chini ya bawa nafasi ilikuwa ndogo kwa sababu ya miguu mifupi. Zikasogezwa mbele na kuinuliwa juu. Kwa hiyo, ndege ikiinua pua sana, pua hutaka kuzidi kupanda.

Dawa yao ilikuwa programu ya kompyuta iitwayo MCAS. Kazi yake ni kugeuza bawa dogo la mkiani na kuisukuma pua chini, bila rubani kuamuru. Ndege ilikuwa na vipimo viwili vya kupima pembe ya upepo, kimoja kila ubavu, lakini MCAS ilisikiliza kimoja tu. Siku ile ya Addis Ababa kipimo cha kushoto kilisema digrii 74, cha kulia kikasema 15. MCAS ikamwamini mwongo.

Sisi wa reli tunajua kwamba penye njia moja gari haliachwi liondoke mpaka stesheni mbili zimekubaliana. Wazee walijifunza hayo kwa damu. Je, inakuwaje chombo kinachobeba roho mia na hamsini kiongozwe kwa neno la shahidi mmoja?

Na lililo baya zaidi ni kwamba marubani hawakuambiwa. MCAS haikuelezwa katika kitabu chao. Kwa nini? Kwa sababu kumfundisha rubani katika mtambo wa kuigiza ndege ni gharama. Boeing waliahidi kampuni ya Southwest kuipunguzia dola milioni 1 kwa kila ndege, endapo mafunzo hayo yangelazimishwa. Kunyamaza kulikuwa na bei yake, ndugu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Watatujibu kwamba baada ya ajali ya Indonesia marubani walipewa ilani: wakate swichi, wazungushe gurudumu kwa mkono. Ni kweli. Ripoti ya kwanza ya Ethiopia, ya Aprili 2019, inaonyesha kwamba marubani wale walizikata swichi. Lakini gurudumu liliwashinda. Watasema pia kwamba ndege ilikwenda kasi mno. Ndiyo, ilikwenda kasi. Lakini ni nani aliyemtia mtu katika vita asivyovijua, akampa dakika sita ajifunze?

Hukumu waliitoa wenyewe. Ndege hizo zilisimamishwa dunia nzima, na Novemba 2020 Marekani iliporuhusu ziruke tena, ilitaka haya: MCAS isikilize vipimo vyote viwili, isirudie-rudie kusukuma, na marubani wafundishwe katika mtambo wa kuigiza. Mambo waliyoyaona hayana haja yakawa sharti, baada ya watu 346 kufa! Mkubwa wa Boeing aliondolewa Desemba 2019, akaenda na haki zake zipatazo dola milioni 62. Januari 2021 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 katika kesi ya kuwadanganya wakaguzi wa serikali.

Basi sisi tunadai mambo matatu, katika reli na katika kila kazi:

1. Mtambo mpya ukiletwa, mfanya kazi aelezwe kwa maandishi kila unachoweza kufanya wenyewe.

2. Mafunzo yafanywe kabla ya kazi kuanza, na siku za mafunzo zilipwe.

3. Ajali ikichunguzwa, mtu wa chama aketi mezani, na waliochora na kununua mtambo waulizwe kabla ya aliyeushika.

Mwanachama asitie sahihi karatasi ya kukubali mtambo ambao hakuelezwa. Akilazimishwa, aje chamani siku hiyo hiyo. Marehemu hawezi kujitetea. Sisi tulio hai tunaweza.

Umoja ni nguvu.

Wafanya kazi wa reli, Nuu