Damu Chooni Si Jambo la Kuficha

Mwenzetu mmoja wa kikundi cha akina mama hapa Sumbawanga aliona damu katika choo kikubwa kwa miezi minane. Aliona haya kusema. Aliposema, hata sisi wauguzi tulimjibu kwamba ni bawasiri tu, wala hatukumpima kwa kidole. Tulipomfikisha Mbeya, ilikuwa saratani ya utumbo mpana.

Akina mama wakatuuliza: imetoka wapi, naye havuti sigara wala hanywi pombe?

Ndani ya utumbo mna vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Chini ya kila kishimo zipo chembe mama zinazozaa chembe changa. Hizo hupanda juu, hufanya kazi, hufa na kutoka na choo, yote kwa siku nne au tano hivi. Huzaana zikipata ujumbe kutoka kwa jirani zake, ambao wataalamu huuita Winti. Ujumbe huo huo husaidia kujenga utumbo wa mtoto angali tumboni. Mungu hakuuweka bure. Lakini unaye mlinzi, aitwaye APC, aliyetambuliwa mwaka 1991. Kazi yake ni kuunyamazisha ujumbe. Mlinzi akiharibika, chembe huzidi kuzaana kana kwamba bado zinaamriwa, na hapo huota kinundu. Kinundu huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi, kugeuka saratani. Kikionekana mapema hukatwa.

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba ugonjwa huu ulikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini, akadhani sababu ni vyakula vyenye makapi. Basi ugali wa ulezi na maharage ya Ufipa tusiyadharau kwa ajili ya sembe nyeupe. (Watoto wetu wanadharau!) Hata hivyo, kumbukumbu za hospitali za Dar es Salaam za mwaka 2005 hadi 2015 zilionyesha wagonjwa wakiongezeka sana.

Mama, ukiona damu, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, au ukikonda na kuishiwa damu bila sababu, nenda hospitali, nawe uombe kupimwa kwa kidole.

Wengine huzaliwa na mlinzi aliyekwisha kuharibika, nao huota vinundu vingi wangali vijana. Mwenzetu alipoulizwa habari za ndugu zake, alikumbuka kaka yake aliyefariki kijana, "kwa tumbo". Sasa tunawashawishi wanawe wakapimwe. Wawili wamekubali, wa tatu bado anasema hana muda.