Pamba Yetu na Nguo za Wageni

Nionavyo: safu ya kila Jumapili
Na Bin Shomari

Mnunuzi wa doti ya kanga katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, anapoikunjua na kuitazama pindo, mji na jina lake, hutambua mara moja kuwa maneno yale yametungwa na Mswahili mwenzake. Lakini kitambaa chenyewe, aghalabu, kimefumwa na kupigwa chapa Bara Hindi. Ilhali pamba tunayo, na wakulima wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza huichuma kwa mkono, viwanda vya kuchambulia vikatenga mbegu na nyuzi, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo ikafungwa marobota na kupakiwa melini kabla haujasokotwa hata uzi mmoja.

Asidhani mtu kuwa ufumaji ni maarifa mageni kwetu. Huko Kilwa wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua vigae vilivyotobolewa vya kusokotea uzi, na Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuwa nguo zilizofumwa pale zilisafirishwa hadi Misri. Biashara ya ulimwengu, basi, ilitukuta tukiwa wauzaji wa nguo. Karne ya kumi na tisa, marobota ya merikani, yaani kitambaa cha pamba kutoka Marekani, yalipomiminika Unguja baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, tulikuwa tumekwisha kuwa wanunuzi. Baada ya uhuru tulijaribu tena, kikajengwa kiwanda cha Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China, vikawapo viwanda vya Mwatex na Mutex kandokando ya Ziwa Viktoria. Vyote hivyo vikadhoofika kwa uhaba wa fedha za kigeni na vipuri, kisha soko likafunguliwa ghafla wakati mitambo imekwisha kuchakaa.

Wengi huitupia lawama mitumba. Mimi siafiki kwamba dawa ni kuipiga marufuku leo, maana mama mwenye watoto watano huwavika kwa mitumba hiyo, na si insafu kumvua nguo kwa ahadi ya kiwanda ambacho hakijajengwa. Aidha, tuliyaona yaliyotokea: wakuu wa Afrika Mashariki walipoazimia mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua, Marekani ilitishia kuondoa msamaha wa ushuru wa AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika, nchi zetu zikarudi nyuma moja baada ya nyingine, ikabaki Rwanda peke yake, nayo mwaka 2018 ikasimamishiwa msamaha huo kwa mavazi yake.

Msamaha wenyewe umewapa riziki maelfu ya washonaji wa Kenya, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kwa vile umekuwa ukiruhusu kitambaa kitoke popote, wengi wao wamekuwa wakishona kitambaa cha Asia, na riziki yao imo mikononi mwa bunge lililoko Washington. Pengo letu halipo shambani wala kwenye cherehani, bali katikati, palipo uzi, kitambaa na rangi.

Na hapo katikati ndipo penye uzito. Umeme ukikatika dakika moja tu, mashine ya kufumia husimama na mshindio nusu ya njia, na ikiwashwa tena huacha mstari unaokatiza mtande, ambao mnunuzi huuona akiinua kitambaa mwangani, na jora zima likashushwa daraja. Kiwanda cha namna hii hakiwezi kulipa mkopo wa miaka mitatu wenye riba ya duka la rejareja; chahitaji mkopo wa miaka kumi na zaidi, na umeme wa yakini, kabla ya hotuba yoyote ya uzalendo.

Chahitaji pia mnunuzi asiyeyumba, naye yupo. Serikali huvika askari, hutandika vitanda vya hospitali na kuwafunika wafungwa. Zabuni za sare na mashuka hayo na zielekezwe, kwa mkataba wa miaka mingi na ukaguzi mkali wa ubora, kwa viwanda vinavyosokota pamba ya Usukuma, na bajeti ijayo ndiyo iwe ya kwanza kulitekeleza.